Vibanzi vya Mbambakofi

Fundi Shekuwe hauzi vibanzi. Asema:
"Chukua, Somoe, kabla sijavimwaga ufuoni."
Basi kila Alhamisi naenda Langoni na gunia,
na Famau wa jirani anishikie mdomo wake.

Maranda mepesi ni ya kuku anayeatamia.
Vipande vikavu, jikoni: hushika moto
kabla sijamaliza kupiga chafya.
Vingine nimetandaza chini ya mtungi unaovuja,
pale nilipoteleza mwaka jana nikavunja kiwiko
(hakinyooki bado, ila mkono wakanda unga).

Vilivyobaki nimeuzungushia mwasumini.
Dada yangu akacheka: "Waufunika kama mgonjwa wa homa!"
Lakini kwa jua hili la Februari
ndoo moja ya kisima yautosha siku tatu.
Tia mkono chini: udongo una ubaridi
wa kiganja kilichotoka kutawadha.

Mlango wenyewe umepakiwa jana,
umekwenda Shela, kwa mtu nisiyemjua.
Sitaubisha.
Ila kila ua alilolichonga Shekuwe
lina kilichoondolewa ili lionekane,
nacho kiko kwangu, chaoza polepole mizizini.

Leo alfajiri nimehesabu matumba saba.