Uzamivu

Binti yangu Jerneja anasomea uzamivu,
na kweli anazama:
kila mwezi, taa kwenye paji la uso, buti za mpira hadi kiunoni,
anaufuata mto pale unapotuaga,
unapoinama chini ya mlima bila hodi
na kukihama kijiji chetu kama mtu mwenye deni.

Harudi na samaki. Anarudi na vikopo vya mtindi,
namba ubavuni, maji ya baridi ndani,
na ndani ya maji vidudu vyenye miguu kumi na minne.
Ndugu wa mbali wa kamba, asema.
Wa mbali hasa, namjibu,
maana ukoo mzima hautoshi kijiko cha supu.

Jokofu la chuo liliharibika Novemba.
Ndiyo sababu vikopo mia mbili na kumi na saba
viko chini ya nyumba yangu, kati ya viazi na kabichi ya chumvi,
na mimi, Zdenka, mstaafu wa kiwanda cha ngozi,
nimekuwa yaya.
Navilisha majani yaliyooza. Havinung'uniki.

Vya mtoni ni vya kahawia, kama chai iliyosahauliwa.
Vya pangoni ni vyeupe, havina macho,
ukiviangalia kwa tochi unaona chakula kikipita tumboni.

Miaka thelathini na mmoja nilitia ngozi rangi:
kahawia ya viatu vya askari, nyekundu ya viatu vya harusi.
Najua rangi inavyoingia, kwa moto, kwa chumvi, kwa subira,
inavyokaa chini ya kucha hadi kanisani.
Inavyotoka, sikujua.
Nilidhani giza huinyonya polepole,
kama jua linavyonyonya pazia.

"Giza haliibi kitu, mama," alisema Jerneja.
"Makosa huzaliwa kila mahali. Mtoni, mweupe huliwa kabla ya jioni.
Pangoni hakuna jicho. Kosa linapita, linaoa, linazaa."

Hapo nikaelewa.
Kama kiwandani, wiki ile mkaguzi alipougua.

Februari akaoanisha weupe wa pango la juu
na weupe wa pango la ng'ambo ya mlima,
akafunga safari kwenda mjini kufundisha.
Nikafunua kikopo cha themanini na nane
nikaona watoto
wa kahawia.

Nilikaa juu ya gunia la viazi.
Weupe kwa weupe, rangi imetoka wapi?
Nimechanganya vikopo, nilijiambia, macho yangu haya, mikono hii.
Miaka minne ya mtoto wangu nimeimwaga kwa kijiko.
Siku mbili sikupokea simu yake.
Ya tatu nikaungama, kama mwizi wa sadaka.

Kimya. Kisha akacheka hadi akakohoa.
"Hukukosea! Jeni iliyoharibika kwa baba siyo iliyoharibika kwa mama.
Kila pango lilipotea kwa njia yake."

Nilishusha simu, nikatafuta maneno yangu mwenyewe:
mmoja alipoteza rangi, akabaki na chumvi ya kuishikisha;
mwingine alipoteza chumvi, rangi ikabaki haina pa kukaa.
Peke yake kila mmoja hutoa ngozi tupu.
Watie chungu kimoja.

Alitaka hesabu kamili, mara moja, kwa penseli.
Nilishuka na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.
Nikaandika: kahawia, kumi na tisa.
Nikafuta.
Ishirini.
Mmoja alikuwa chini ya jani.