Unga wa Ngano

Mama alinituma duka la kina Shaame, hapo Utaani.
"Kanunue un—"
akakata, akafunika chungu kilichokwishafunikwa.
"Ngano," akasema. "Kilo mbili.
Na hamira, na mafuta robo, na kiberiti."

Vitu vinne. Nikavifunga vidoleni:
gumba ngano, shahada hamira,
cha kati mafuta, cha pete kiberiti.
Kufika kwenye birika la msikiti
cha kati kimenyamaza.
Nikarudi na ngano na sabuni ya kufulia.
Hapana aliyesema neno. Bora wangenicheka.

Neno lenyewe, nyumbani kwetu, lilikuwa limefichwa
kama kisu mbele ya mtoto.
Na kete nayo.
Binamu yangu Mbarouk akiteremsha bao barazani
husema komwe, hasemi kete.
Zamani nilikuwa nnaona mizunguko mitatu mbele,
nnajua atalala shimo gani.
Sasa nnaiona komwe iliyo mkononi tu,
na mkono nao
una kete yake unayoikumbuka.

Kule soba, Nesi Mkasi alinipa maneno matatu:
kata, ukuta, pilipili.
Tukazungumza mvua, tukazungumza karafuu za mwaka huu.
"Haya, yale maneno?"
Kata, nikasema. Kata, na... chumvi.
Akaandika, bila kuinua uso.
Siku ya tatu, nnakoga, ukuta ukaja wenyewe;
nikatoka mbio na povu kichwani kwenda kumwambia.
Pilipili hadi leo.

Watu husema nimesahau yote. Si kweli.
Mlango ule wa Unguja mjini nnaujua:
bisha mara mbili, subiri, bisha mara moja.
Mchakacho wa nailoni ikifunuliwa nnaujua
kuliko sauti ya baba.
Baba... wananiambia nilikuwepo,
kwamba nilibeba jeneza upande wa kushoto,
kwamba nililia.
Nnawaamini kama mtu anavyoamini habari ya redioni.

Nilikuwa mshona kofia.
Vitobo mia na kumi na mbili mzunguko wa kwanza,
ua zima kichwani, sichori.
Sasa thelathini na sita, thelathini na saba,
jogoo akawika,
moja.

Siku ya harusi ya dada yangu nilimtungia:

*Ewe Time ndugu yangu, leo umevaa koja,*
*Sina mali sina fungu, nina neno hili moja,*
*Ukipatwa na uchungu,*

na hapo pana shimo.
Hilo neno moja ndilo lililokwenda.
Time analo. Ana watoto watatu, na neno langu analo.
Nikimwomba husema, "Lako. Litafute."
Halafu huangalia pembeni,
na hapo nnajua kuna miaka uchungu ulimpata kweli
akalisema peke yake, chumbani,
na aliyelitunga yuko ng'ambo anabisha mlango
mara mbili, kisha mara moja.

Leo asubuhi mama kasimama ukumbini na kikapu.
"Faki, kanunue unga."
Zima. Hakukata.
Shangazi akaacha kufagia.
Noti akaniwekea kiganjani, akageuka kupepeta mchele
kama mtu asiye na habari.

Nikaenda nnasema kwa sauti, ngano hamira mafuta,
ngano hamira mafuta,
watoto wa skuli nyuma yangu wakiitikia,
mmoja akinipigia makofi.
Nimerudi na unga, na hamira, na mafuta, na chenji yote.

Kiberiti nimesahau.
Moto tukaazima kwa kina Bi Riziki.