Bendera Kumi na Saba

Ofisi ya wilaya ilinipa kofia, daftari,
na orodha ya nyumba kumi na saba
za watu waliopita themanini, kila mmoja peke yake.
Mshahara haumo. Nilikuwa tarishi miaka thelathini na minne,
miguu bado inaijua njia,
nikasema haya.

Sheria ni nyepesi:
ukiamka mzima, pachika bendera ya manjano nje ya mlango,
jua likizama, iingize ndani.
Mimi napita saa mbili asubuhi, nahesabu.
Kumi na saba, narudi kunywa chai.
Kumi na sita, nabisha hodi.

Katika bonde letu la Kamizawa theluji haianguki, inahamia.
Inafika Desemba na mizigo yake yote
na mpaka Machi hailipi kodi.
Wavulana wa sekondari hupanda mapaani na makoleo
wakaiporomosha kwa kelele,
ujira wao machungwa.
Gari la chakula lina wali, figili za kuchemsha, samaki wa chumvi,
na dereva aliyekatazwa kuacha sahani mlangoni
kabla hajaona uso.
Kwa Bwana Sasamori wanakuja watu watatu na bafu la plastiki,
wanalipandisha ngazi
kama jeneza lililobadili nia.
Wanamlaza katika maji ya moto,
naye, aliyewafukuza wanawe wote kwa ulimi,
anataja namba za treni alizoendesha,
moja moja, macho kayafumba.

Kuna na simu ya bure.
Sauti ya mashine inauliza: una huzuni?
Kama ndiyo, bonyeza moja.
Bi Kinue Tsushima alibonyeza zote.

Tarehe tisa Februari nilihesabu kumi na sita.
Nikarudia, kama mtu asiyeiamini chenji yake.
Nyumba ya mwisho, kabla ya daraja:
msumari mtupu.

Nilikimbia. Mimi, wa miaka sabini na moja, nilikimbia,
kiatu kimoja kikabaki kwenye theluji,
hodi zangu zikanitangulia mlangoni.

Alifungua mwenyewe.
Nywele kazichana. Jiko la mafuta ya taa linanguruma,
vikombe viwili mezani, vyote vimeshajazwa.
Na bendera? Juu ya redio,
imekunjwa kwa nne kama leso ya harusi.

"Bi Tsushima, umeniua."
"Kaa, Narita. Soksi yako imelowa.
Miaka mitatu naipachika kila siku,
na kila siku unapita.
Nakuona penye pazia. Unanyanyua kidole,
unanihesabu, unakwenda zako.
Mpaka mtu afe ndipo ajuliwe hali?"

Sikuwa na jibu. Daftari halina safu ya swali hilo.
Chai ilikuwa chungu, kaichemsha mara mbili akiningoja.
Akanikumbusha barua niliyomletea
mwaka ule daraja la zamani lilipochukuliwa na mto:
"Ulikaa hapo hapo. Uliomba maji.
Ukasema mvua itanyesha tena."
"Ikanyesha?"
"Ikanyesha."
Barua yenyewe ilitoka kwa nani, hakusema,
na mimi, niliyezibeba barua za bonde zima bila kufungua hata moja,
sikuuliza.

Nimewaandikia ofisini kwamba sheria ina tundu.
Wamenijibu kwamba kuna fomu.

Basi siku hizi natoka saa moja, giza halijaondoka.
Nahesabu kama nilivyoagizwa,
kisha nachagua mlango mmoja wenye bendera
na kubisha.
Hakuna mwenyeji aliyepona kwa kuhesabiwa.
Kesho ni zamu ya Sasamori, na zile treni zake,
nitachukua biskuti.
Leo kwa Kinue bendera inapepea, manjano kama ute wa yai,
na kutoka barabarani, kabla sijanyanyua mkono,
nasikia kikombe cha pili
kinawekwa mezani.