Kivuli Kwenye Picha

Tuliikuta ndani ya kopo la biskuti,
chini ya stakabadhi za makaa ya mawe:
picha moja, pembe imeliwa na panya.

Agosti. Jua kali, na bado mtoto yule
amevishwa makoti mawili,
nyota ya njano kwenye lile la juu.
Gitla Szafran, aliyetushonea vifungo,
anafunga mlango kwa ufunguo,
kisha anakijaribu kitasa,
kama mtu atakayerudi saa kumi.

Nyuma, kwa penseli, mwandiko wa babu:
“Geto. Uhamisho. Saa tatu na dakika kumi.”
Uhamisho!
Kama kwamba huko mbele
yupo mwenye nyumba, amekwisha kubandika chai.

Mama alishikilia hadi kufa kwake:
mji wetu haukuona,
mapazia yalikuwa yamefungwa.

Nasogeza lenzi.
Chini kabisa, juu ya mawe ya barabara,
karibu kugusa kiatu cha mtoto,
kimelala kivuli cha roshani yetu,
na juu ya ukingo wake kichwa,
na viwiko viwili vimeinuliwa,
vimetulia tuli,
ili picha isitikisike.