Picha Iliyoharibika

Meneja alimlipa Leokadia apige picha ya mashine mpya.
Akapiga moja. Kisha akaigeuza kamera,
miguu yake mitatu ikizama kwenye vifusi,
ikawaelekea wanawake wapasuao mawe ya bati.

"Tulieni," akaomba, kichwa ndani ya kitambaa cheusi.
Nyuso zikatulia. Nyundo, wapi!
Ujira ni kwa gunia,
na jua la Oruro halimngoji mtu.

Usiku, ndani ya beseni, kioo kikaanza kusema:
Basilia, shali, kitoto mgongoni, macho makavu,
na pale penye mikono
ukungu.

"Imeharibika," meneja akasema. "Tupa."

Akaandika pembeni kwa penseli:
mikono ilikuwa kazini.
Akakiviringisha kioo ndani ya sketi ya sufu, akapanda nyumbu.

Ile ya mashine, kali kama wembe,
aliiacha mezani.