Kati ya Saa Nane na Saa Kumi

Baa ya Zihindula hufungwa saa saba na nusu.
Jenereta yake hukohoa mara tatu, kisha hufa.
Jogoo wa Mama Nshokano huanza saa kumi kasorobo.
Hapo katikati Muhungu yote imelala,
na saa hizo mbili ndizo studio yangu.
Kodi yake nalipa kwa usingizi.

Magodoro matatu nimeyang'oa vitandani,
nimeyasimamisha dirishani
kama wagonjwa waliokataa kulala.
Watoto wamejikunja mkekani chumba cha pili.
Mugoli huota kwa sauti; naomba leo asiote.
Vitenge vya mke wangu vinaning'inia kwenye waya,
vinakunywa mwangwi wa ukuta wa saruji.
Amesema: kimoja kikinuka mshumaa,
utanilipa waksi ya Uholanzi.

Maikrofoni ni mbili.
Moja niliinunua dola thelathini na tano, kidogo kidogo,
kwa fundi wa simu pale Nyawera.
Ya pili ni ya redio ya parokia: Jumatatu asubuhi irudi.
Zimefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mpini wa ufagio,
ufagio umesimikwa ndani ya ndoo ya mchanga.
Nilipima kwa shubiri.
Karibu mno, nasikia nyundo zikigonga kama fundi viatu.
Mbali mno, nasikia nyumba,
na nyumba yetu haina la kusema.
Shubiri tatu na vidole viwili. Hapo piano inapumua.

Ilipanda mlima huu mabegani mwa wanaume wanane,
siku ya matope,
Bi Cibalonza alipokuwa anahamia Kindu.
Hakutaka bei. Alitaka niilinde na mchwa.
Nyuzi nimezikaza kwa spana ya gereji niliyoichonga upya,
zote zimenisikia
isipokuwa si bemoli ya katikati.
Inaitwa si, na kweli imekataa.
Ukiibonya inashuka kimya,
kama mtu aliyechelewa misa akitafuta pa kukaa.

Umeme wa betri ya pikipiki. Taa nimezima, maana inavuma.
Navua saa. Navua viatu.

Jaribio la kwanza: mbwa.
La pili: mkono wa kushoto ulikimbia,
na hapo sina wa kumlaumu.
La tatu: tone moja juu ya bati.
Nikalisubiri la pili huku nacheza,
na ukishaanza kusubiri mvua huchezi tena, unahesabu.
Halikuja.

La nne lilipita.
Fuga ya sauti tatu,
moja ikimfukuza mwenzake kwenye ngazi za udongo za Kadutu,
ya tatu ikishuka polepole na beseni kichwani,
na kila penye si bemoli, shimo dogo.
Wote wanaliruka. Sikulifukia.

Niliituma Kindu. Mtandao uliivuta siku nzima,
kama gari lililokwama Bunyakiri.
Bi Cibalonza hakusema ni nzuri wala mbaya.
Aliandika:
«Hapo ni Déo wangu na kijiko chake cha uji.
Alikuwa na miaka minne.
Kiko humo ndani mpaka leo. Usikitoe.»

Jumatatu nilirudisha maikrofoni ya parokia.
Magodoro yako vitandani; Mugoli analalamika
lake linanuka ukuta.
Spana nimeiviringisha kwenye kitambaa,
nimeiweka juu ya kabati
nisipoifikia bila kupanda kiti.