Cha Mvunguni

Saa nane usiku, Umoja, ghorofa ya tano,
mita ya stima imeanza kulialia ukutani:
yuniti tatu na nukta.
Mezani mashine ya Bi. Nekesa inahema
kama mtu aliyepanda ngazi zetu na mtungi wa gesi begani.

Aliniletea Jumanne, imefungwa kwa leso.
"Sitaki iwe na mbio," akasema. "Nataka ilale.
Stima ikipotea katikati ya hesabu za chama
ilale na kila kitu kifuani,
na ikiamka inikute pale pale tulipoachia,
kwenye mchango wa Khavere, shilingi mia nne."
Nikacheka. Nikamwambia kesho kutwa.

Kesho kutwa imepita mara mbili.

Nimefungua orodha ya kuundia kiini,
maelfu ya vijisanduku, kila kimoja kikiuliza
ndiyo, hapana, au moduli.
Nimeshuka hadi usimamizi wa nguvu.
Kusinzia kupo. Kupunguza kasi kupo.
Usingizi mzito, ule wa kuzima kabisa
na kuamka unakumbuka jina lako,
haupo.
Sisemi sanduku halina alama. Sanduku lenyewe halipo,
na mistari imesogeleana ikaziba
kama watu kwenye foleni mmoja wao akiondoka.

Nikalaumu toleo. Nikalaumu kiwanda.
Nikaunda upya hivyo hivyo, kwa ukaidi,
saa moja na nusu ya feni,
majina ya mafaili yakipanda kiooni kama siafu,
strungi ikipoa hadi ikaota ngozi.
Lilikuwa kosa lile lile, limepashwa moto.

Ndipo nikainama.
Nikabonyeza mkwaju, nikaandika jina la usingizi,
na orodha ikajibu bila kunitazama:

lipo.
Hutegemea swapu.
Swapu: hapana.

Hapana hiyo ni yangu.
Jumanne ile ile, nikijiona fundi,
nilipita na fagio. Nikaikuta swapu,
nikasema hii nayo ya nini, diski yenyewe kiganja,
nikaitoa alama kwa kidole kimoja.
Na kilichokuwa kimeiegemea
kikaondoka bila kuaga,
hata mlango hakikuubamiza.

Nyumbani tuliambiwa mtegemea cha nduguye hufa maskini.
Humu ndani wote wanategemeana,
na ukimng'oa mmoja
mwenzake haanguki. Anaacha kutajwa.

Kumbe mashine haiwezi kulala fofofo
bila mahali pa kutua ilichobeba.
Mimi mwenyewe nililala lini vizuri?
Tuache hilo. Halimo kwenye orodha.

Nikakata kipande cha diski, nikakipa swapu.
Nikaandika ndiyo.
Na lile sanduku likatokea papo hapo, kavu, halina haya,
kana kwamba wiki nzima lilikuwa mvunguni
likihesabu visigino vyangu.

Tokeni ya hamsini. Ujumbe ukachelewa,
nikaingiza tarakimu ishirini kwa tochi ya simu,
nikakosea, nikaingiza tena.
Mafaili yakaanza kupanda.

Saa kumi na moja kasoro
nikafungua daftari la chama, nikaandika: Khavere, mia n—
nikaachia hapo, neno likiwa mdomo wazi.
Nikailaza.
Taa ya diski ikapepesa, ikapepesa, ikatulia.
Nikachomoa waya. Nikatoa na betri, nikaiweka kando.

Kimya hicho sikukijua.
Chini, bawabu alikuwa akikohoa,
na bomba la Nyaboke likidondoka kwenye ndoo
nusu imejaa, kwa mlio ulivyo.

Kazi inasema sasa niiwashe, nione kama inakumbuka.
Nimekaa tu, betri mapajani, ina joto bado.
Iache kwanza.
Kuna kesho kutwa nyingine.